Tofali la Ukuta wa Nyuma

Mfyatua matofali mmoja alipewa jina la Chapuchapu, na jina lilimkaa vizuri. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, na hata salamu aliijibu kabla hujamaliza kumsalimu. Kila asubuhi alishuka bondeni, karibu na kijito, akavua viatu na kuingia kwenye shimo la udongo. Aliukanyaga udongo na maji mpaka ukalainika. Kisha aliujaza kwenye kalibu, kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, akausawazisha kwa kiganja na kuinua kalibu juu. Tofali hilo chini. Kabla halijatulia, la pili lilikuwa limekaa pembeni yake.

"Wenzangu wanafyatua matofali," alipenda kujisifu. "Mimi natema."

"Angalia tu usije ukameza," mkewe alimjibu. Mkewe alichota maji na kupanga matofali juani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyosema yalikuwa na pilipili.

Mama mkwe wa Chapuchapu aliishi ng'ambo ya kijito. Alikuwa mfinyanzi, na wateja walimwita Mama Vyungu. Kati yake na mkwewe kulikuwa na heshima kubwa, kubwa kupita kiasi. Hawakutazamana usoni. Mama Vyungu akiwa na jambo la kumwambia, alimwambia binti yake, hata kama Chapuchapu amesimama palepale.

"Mwambie mwenzio chai iko tayari."

"Mwambie mama nimesikia."

Binti aliyekaa katikati yao aliwatazama na kutikisa kichwa. "Siku nikiwa sipo, nyie mtakufa njaa huku chai inapoa."

Shida ya Mama Vyungu ilikuwa mvua. Vyungu vibichi lazima vikauke polepole, kivulini, kabla ya kuchomwa. Yeye alivikausha chini ya turubai lililotoboka. Siku moja ndugu walikusanyika kwake, na mmoja akauliza nani atamjengea mama banda. Chapuchapu alisimama kabla swali halijaisha.

"Mimi," alisema. "Tena kwa matofali ya kuchoma. Mvua hazitaanza kabla mama hajapata banda lake."

Ndugu walimpigia makofi. Mama Vyungu aliinamisha kichwa na kutabasamu. Chapuchapu alirudi nyumbani kifua mbele.

Lakini mvua hazikungoja. Mawingu yalianza kujikusanya, na matofali yalikuwa yamefyatuliwa juzijuzi tu. Chapuchapu aliyagusa, akaona ni makavu kwa nje, akatosheka. Aliyapanga kuwa tanuri, lakini aliyabananisha sana. Hakuacha hata upenyo wa moto kupita. Chini aliacha midomo, yale matundu ya kutilia kuni, akaijaza kuni mpaka zikatokeza nje. Akawasha. Moto ulinguruma tangu mwanzo. Baada ya muda mfupi milio ikaanza kusikika ndani ya tanuri: pa! Pa!

"Ni nini hicho?" mkewe aliuliza.

"Matofali yanaiva. Yanashangilia."

Hayakuwa yanashangilia. Yalikuwa yanapasuka. Chapuchapu alipoona matofali ya chini yamekuwa mekundu, alisema kazi imekwisha, akaacha kutia kuni. Akalibomoa tanuri likiwa bado na joto. Matofali ya chini yalikuwa na nyufa, mengine yamegandana. Ya katikati yalikuwa mazuri. Ya juu na ya pembeni yalikuwa yamefifia rangi, bado ni udongo mkavu tu.

Mwashi aliyeitwa kujenga banda aliokota tofali moja la juu. Akaligonga. Lilitoa mlio mzito, du. Akalikwaruza kwa ukucha, na vumbi likamdondokea miguuni.

"Fundi, haya ni mabichi," mwashi alisema. "Tuyaweke kando, utayachoma tena."

Chapuchapu alitazama mawingu. Akakumbuka yale makofi.

"Yaweke ukuta wa nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Tutakandika udongo juu yake. Nani atakwenda kuangalia huko nyuma?"

"Mvua itakwenda."

"Wewe jenga, bwana."

Mwashi akajenga. Matofali mazuri yakakaa mbele, mabichi yakakaa nyuma, na udongo ukafunika yote. Siku ya kukabidhi banda, Mama Vyungu alilizunguka taratibu. Nyuma aliyakuta matofali machache yaliyobaki. Aliinama, akagonga moja kwa kifundo cha kidole. Akagonga na la pili. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwenzio ahsante sana."

Chapuchapu alishusha pumzi. Alijiambia kwamba wanawake wa vyungu hawajui habari za matofali.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Chapuchapu alikuwa amejikunyata barazani, akasikia mtu anaita. Alikuwa mwashi, amelowa chapachapa.

"Twende ng'ambo. Banda la mama mkwe wako limelala."

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani. Matofali yalikuwa yamelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini yake ilikuwepo mitungi ambayo Mama Vyungu aliifinyanga kwa ajili ya maji ya wanafunzi. Mwalimu mkuu wa shule ndiye aliyeiagiza. Sasa yote ilikuwa tope na vipande. Mama Vyungu mwenyewe, kwa bahati njema, alikuwa sokoni.

Majirani walijaa kutazama, magunia vichwani kujikinga na mvua.

"Si walisema ni matofali ya kuchoma?" mmoja aliuliza.

"Labda yalichomwa na jua," mwingine alijibu. Watu wakacheka.

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Vyungu alifika, kikapu kichwani. Hakupiga kelele. Aliokota kipande cha tofali, akakiminya, kikawa tope mkononi mwake. Alikitazama kitambo. Kisha akamwambia binti yake, "Mwambie mwenzio asihuzunike. Mvua ilikuwa kubwa."

Afadhali angemtukana. Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza alimpa jibu hilohilo: mvua ilikuwa kubwa. Mwashi alimsikia akilisema, akamtazama tu, akaenda zake. Chapuchapu akaacha kupita ng'ambo ya kijito. Alizunguka kwa njia ya nyuma, kwenye majani marefu, ili asionwe na mama mkwe wake. Akirudi nyumbani, suruali ilikuwa imejaa mbegu za majani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia wakati anambandua zile mbegu, "unanyata kama mwizi wa kuku. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mwashi ameniambia."

Mkewe alibaki ameshikilia pindo la suruali. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mimi ndiye niliyekusifia kwa mama. Nilimwambia, mume wangu hana mchezo na kazi. Sasa nikimtazama, naona aibu kama niliyafyatua mimi. Unajua kwamba mama analala kwenye kiti?"

"Kwa nini kwenye kiti?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Na mimi sikusindikizi."

Akaenda. Safari hii alipita njia ya mbele, na ilikuwa ndefu kuliko alivyoizoea. Mlango wa Mama Vyungu ulikuwa wazi. Mitungi mibichi ilikuwa imepangwa kitandani, chini ya kitanda, juu ya sanduku la nguo na hata dirishani. Kitandani hapakubaki nafasi ya kuweka mto. Mama Vyungu alikuwa amekaa kwenye kigoda, analainisha mtungi mpya kwa jiwe dogo. Chapuchapu alichuchumaa mlangoni, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama Vyungu alitazama nyuma ya mkwewe, akimtafuta binti yake. Binti hakuwepo. Hapakuwa na wa kubeba maneno.

"Mama, haikuwa mvua," Chapuchapu alisema. "Matofali ya ukuta wa nyuma yalikuwa mabichi. Mwashi aliniambia, nikamwambia ajenge hivyohivyo. Nilijua, mama. Niliyajua mabovu, nikayaficha kwako wewe uliyemzaa mke wangu. Sina pa kuuweka uso wangu."

Lile jiwe dogo lilisimama juu ya mtungi. Nje kuku alipita akidonoa.

"Na mimi nilijua," hatimaye alisema.

Chapuchapu aliinua macho bila kukusudia.

"Nilipoyagonga yalilia kama mfuko wa unga," Mama Vyungu aliendelea. "Mimi nimezeeka nikichoma udongo. Nitashindwaje kulijua tofali bichi? Lakini nilijiambia, huyu ni mkwe wangu. Nikisema, nitamvunjia heshima. Nikanyamaza. Tena nikaenda kuweka mitungi ya watoto wa watu chini ya ukuta ninaoujua mbovu. Sasa hapo nani mjinga zaidi?"

"Mimi, mama."

"Tusigombanie." Mama Vyungu karibu acheke, lakini macho yalikuwa yamemlowa. "Aibu yako na aibu yangu ndizo zilizojenga ukuta ule. Tukiendelea kuoneana haya, nitalala kwenye kiti mpaka nife. Umewahi kuniuliza ninavyochoma vyungu vyangu?"

"Hapana. Nilidhani vyungu ni vyungu na matofali ni matofali."

"Vyote ni udongo, mwanangu. Mvua zikipumzika nitakuja bondeni. Mimi nitasema, wewe utasikiliza."

Alikuja kweli, kitambaa kichwani na kifuniko cha sufuria mkononi. Hakuna aliyeelewa kifuniko kile ni cha nini. Chapuchapu alikuwa amefyatua matofali mapya, mke wake na mwashi wakimsaidia. Mama Vyungu aliokota moja, akalivunja katikati. Nje lilikuwa limepauka. Ndani, katikati kabisa, palikuwa na rangi nzito iliyokoza.

"Unaona hapa? Hayo ni maji," alisema. "Mkono hauyafikii, lakini yapo. Ukiyapiga moto mkali ghafla, yanageuka mvuke. Mvuke unatafuta njia ya kutokea, haupati, unalipasua tofali."

"Kumbe hayakuwa yanashangilia," mke wa Chapuchapu alisema. Mwashi aliangua kicheko, na Chapuchapu akajikuna kichwa.

Wakaanza upya. Matofali yanayofyatuliwa walianza kuyafunika kwa majani, yasikaushwe na jua kwa haraka na kupata nyufa. Yakishagangamala kidogo, waliyageuza ubavu. Baadaye waliyapandanisha kwa kuacha nafasi upepo upite, na juu wakatandaza turubai, pembeni wakaacha wazi. Kila Chapuchapu aliposema yamekauka, Mama Vyungu alivunja moja. Katikati pakiwa na rangi iliyokoza, alimwonyesha tu bila kusema neno. Siku ilifika tofali likavunjwa, na rangi ilikuwa moja kutoka nje hadi ndani.

"Sasa tupange tanuri," Mama Vyungu alisema.

Safari hii waliacha upenyo wa kidole kati ya tofali na tofali, ili moto upande mpaka juu. Midomo waliipitisha kutoka upande mmoja hadi wa pili. Chapuchapu alitaka kutupa yale matofali ya zamani yenye nyufa, lakini Mama Vyungu alimzuia.

"Pembeni mwa tanuri joto ni kidogo, matofali ya huko hayaivi vizuri. Basi huko weka haya yaliyopasuka, yawe ngozi ya tanuri. Mazima yakae ndani. Halafu kandika udongo nje pande zote, joto lisitoroke. Juu uache matundu ya kupumulia."

Chapuchapu alileta mzigo wa kuni, akautua kwa kishindo.

"Rudisha," Mama Vyungu alisema. "Leo bado hatuchomi. Leo tunafukuza maji yaliyobaki."

Waliwasha moto mdogo, wa kuchemshia chai tu. Mvuke mweupe ulianza kutoka juu. Mama Vyungu alifunga kile kifuniko kwenye mti mrefu, akamwambia Chapuchapu akishikilie juu ya tundu, kisha akishushe. Kifuniko kilikuwa kimelowa matone.

"Kinatoka jasho. Bado," alisema.

Chapuchapu aliuchochea moto ule mdogo huku mikono inamuwasha kuongeza kuni. Baadaye alijaribu tena. Jasho. Akajaribu tena. Jasho. Uvumilivu ukamwishia. Akakanyaga ukingo wa tanuri, akaanza kupanda akachungulie ndani.

"Shuka!" Mama Vyungu alipiga kelele. "Shuka hapo! Matofali yakititia utaingia motoni. Na moshi huo ukiuvuta utakuangusha."

Chapuchapu aliruka chini. Alikuwa hajawahi kufokewa na mama mkwe wake. Mwashi alijifanya anatafuta kitu chini. Mama Vyungu naye alishtushwa na sauti yake mwenyewe, akauziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakitoa kiganja.

"Nimesema, na sirudishi," aliongeza taratibu. "Nikinyamaza tena, safari hii nitazika mtu."

"Ahsante, mama," Chapuchapu alijibu, na alimaanisha.

Hatimaye kifuniko kilishuka kikiwa kikavu. Hapo ndipo walipoongeza kuni, kidogo kidogo, kuni kavu tupu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Walipokezana zamu. Matofali ya chini yalipowaka mekundu, Chapuchapu alimtazama Mama Vyungu. Mama Vyungu alionyesha juu kwa kidevu. Waliendelea mpaka, kwa mbali, wakayaona matofali ya juu nayo yanawaka kama makaa ndani ya matundu. Ndipo wakaziba midomo kwa matofali na udongo, na mwashi akayaziba matundu ya juu kwa udongo uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu.

"Nifungue kidogo tu nione?" Chapuchapu aliuliza kesho yake.

"Chungu kikitoka motoni, ukakipeleka kwenye upepo, kinafanyaje?"

"Kinapasuka."

"Umejijibu."

Wakati tanuri linapoa, Chapuchapu alipata kazi nyingine ngumu kuliko kungoja. Alivaa shati safi, akaenda shuleni. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba mitungi imechelewa kwa sababu yake, na akaeleza jinsi alivyoficha matofali mabichi. Mwalimu mkuu alimsikiliza, miwani mkononi. Hakumpa pole wala hakumgombeza. Chapuchapu alitoka mle ofisini mgongo wa shati umelowa jasho.

Walipolibomoa tanuri, lilikuwa limepoa kabisa. Mwashi aliokota tofali, akaligonga kwa jingine. Lililia kama kengele. Alilikwaruza kwa msumari, halikutoa vumbi. Wakalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, wakaliacha humo mpaka siku ya pili, na likatoka gumu vilevile. Mwashi akajenga ukuta wa nyuma upya. Chapuchapu alimwomba asiukandike udongo.

"Uache wazi," alisema. "Nataka kila mtu auone."

Mvua zilirudi kwa nguvu. Chapuchapu alikimbilia ng'ambo, akasimama nyuma ya banda, maji yanamtiririka usoni. Aliupapasa ukuta kutoka pembe moja hadi nyingine. Ulikuwa mgumu. Ndani mitungi ya shule ilikuwa imekaa kivulini, mikavu, na Mama Vyungu siku hizo alilala kitandani kwake.

Mvua zilipokwisha, Mama Vyungu alitaka tanuri dogo la kudumu la vyungu, na Chapuchapu akamletea matofali aliyoyachoma mwenyewe, bila kusimamiwa. Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alikuja kuchukua mitungi yake. Alisimama pembeni akitazama. Kila mtu alijua kwamba shule inataka kujenga darasa na kwamba anatafuta mtu wa kufyatua matofali. Chapuchapu alijua kuliko wote.

Mama Vyungu aligonga matofali mojamoja. Yalilia vizuri, moja baada ya jingine. Kisha likaja moja: du. Aligonga tena. Du.

Alimtazama mwalimu mkuu, akamtazama mkwewe, halafu akamgeukia binti yake kama zamani. Binti akatazama pembeni. Chapuchapu alihisi ule moto wa masikioni unarudi, palepale mbele ya mteja.

Mama Vyungu akamgeukia mwenyewe, uso kwa uso.

"Mwanangu, hili ni bichi."

"Nimesikia, mama," Chapuchapu alisema. Alilichukua kwa mikono yote miwili. "Lilikaa pembeni, nilidhani limeiva. Nitalichoma tena."

Mwalimu mkuu alivaa miwani yake. "Matofali ya darasa langu," aliuliza, "nani atayagonga?"

"Mimi," Mama Vyungu alisema. "Ila asiniharakishe."

Chapuchapu alikuwa ameshageuka kurudi bondeni, tofali kifuani. Aliona aibu, ndiyo. Lakini alipita njia ya mbele.